Ndege ya vita ikishatolewa majini ndo inaanza kufa

Wiki mbili zilizopita tulikuwa gereji pale Unga Limited, tumefungua sakafu ya Land Rover 109 ya mzee mmoja wa Usa River, na chalii mmoja anayejifunza kazi kwetu akawa anaangalia kwenye simu video ya ndege ya mabomu ya vita vya pili inatolewa ziwani na kreni, maji yanamwagika kila tundu, propela zimejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo. Akaniuliza, kaka, sasa hiyo si wanaipiga presha tu, wanabadilisha oili na plagi, inaruka? Nikamwambia weka simu, njoo uone kitu. Nikamwonyesha pale bati la sakafu linapokaa juu ya chesisi, pamejaa unga mweupe, ukiushika ni mkavu kama chokaa, na bati lenyewe limevimba na kujitenga majani majani kama chapati ya kusukuma. Nikachomeka bisibisi, ikapita mpaka ng'ambo bila kutumia nguvu. Nikamwambia hiyo ndege unayoitazama ni hii sakafu, ila ina mabawa ya mita 30 na imekaa chini ya maji miaka 50.

Swali lake ni zuri na sio yeye tu, karibu kila mtu nikimweleza habari za hawa watu wanaotafuta na kufufua ndege za vita ananiuliza hivyo hivyo. Nimewafuatilia miaka mingi, nasoma, natazama, nalinganisha na kazi ya bodi ninayofanya kila siku, na naona kinachowachanganya watu ni kudhani kazi kubwa ni kuipata ndege na kuitoa. Kuitoa ni siku chache au wiki kadhaa. Kinachofuata ni miaka kumi, ishirini, na ndani ya hiyo miaka ndo ndege nyingi zimepotea mara ya pili.

Tuanze na bati lenyewe maana bila kulielewa mengine yote hayaeleweki. Land Rover ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, lakini aluminiamu ilikuwepo kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepungua kazi, ndo maana bodi ikawa ya aluminiamu na sisi huku Arusha tunaigonga nyundo mpaka leo. Ila sio aluminiamu ileile. Ya Land Rover imechanganywa na magnesi, inavumilia maji vizuri. Ya ndege inaitwa duralumini, Mjerumani Alfred Wilm aliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1900, nayo ndani yake ina shaba kama asilimia 4. Shaba ndo inaipa nguvu, bati jembamba linabeba mzigo mkubwa bila kuwa zito. Na shaba hiyohiyo ndo adui yake, kwa sababu shaba na aluminiamu zikikaa pamoja halafu maji ya chumvi yakaingia katikati unakuwa umetengeneza betri, maelfu ya betri ndogo ndogo zisizoonekana, na kwenye kila betri anayeliwa ni aluminiamu. Kwa hiyo ukiona sakafu ya 109 imeliwa pale inapogusana na chuma cha chesisi, jua kwenye ndege ule mgusano uko ndani ya bati lenyewe kila mahali.

Sasa kwa nini iwe mbaya zaidi ikishatoka majini? Kule chini kabisa oksijeni ni kidogo na mara nyingi tope limeifunika, ulaji unaenda taratibu. Chumvi inakuwa imejificha kwenye vishimo vidogo sana ndani ya bati. Ukiitoa, hewa inaingia, unyevu bado upo, chumvi ipo, humo kwenye vishimo inatengenezeka asidi na inaanza kula kwa kasi ambayo haikuwepo miaka yote ile. Ukiipiga presha umeosha juu tu, na nguvu ya maji inang'oa rangi ya zamani na hata namba zilizokuwa zimeandikwa. Ukiianika jua kali ndo umeimaliza, chumvi inaganda ndani na bati linapasuka.

Mfano ninaoupenda ni ile Dornier 17 ya Wajerumani, ndege ya mabomu ya injini mbili, ilidunguliwa 26 Agosti 1940 ikazama kwenye mchanga wa Goodwin Sands pwani ya Kent, ikalala kichwa chini miguu juu. Jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza likaitoa tarehe 10 Juni 2013. Watu walitegemea kuiona kwenye maonyesho, badala yake ikapelekwa Cosford, tawi lao jingine, na kuingizwa kwenye mahema marefu ya plastiki, mtu wa Usa River akiyaona atasema hizi ni grinihausi za maua, humo ndani mabomba yakawa yanainyunyizia maji yenye asidi ya sitriki, ile ya kwenye malimau, kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa miaka. Kazi ya yale maji ni kuitoa chumvi polepole na kulainisha magamba ya bahari bila kugusa bati. Hakuna spana iliyoshikwa kwanza. Hiyo ndo hatua ambayo video huwa hazionyeshi kwa sababu hakuna cha kutazama, ni manyunyu tu.

Maji baridi yasiyo na chumvi ni habari nyingine kabisa, ndo maana maziwa ya Norway na Scotland yamewapa watu ndege nzuri kuliko bahari. Kuna Wellington moja, ndege ya mabomu ya Uingereza, 31 Desemba 1940 ilikuwa kwenye mafunzo, injini ikaleta shida, ikatua juu ya maji ya Loch Ness na kuzama. Mwaka 1976 watu waliokuwa wanalitafuta lile dubwana la Loch Ness wakaikuta, ikatolewa Septemba 1985, na inasimuliwa kwamba taa za mkiani ziliwaka walipoziunganisha na betri. Wellington imesukwa, sio bati lililonyooka, ni vipande vya aluminiamu vinavyopishana mshazari kama tenga la ndizi la Moshi, halafu juu yake kitambaa. Kitambaa kilishaoza zamani, tenga likabaki. Leo iko Brooklands, palepale ilipotengenezewa.

Barafu nayo watu wanadhani inahifadhi kila kitu kama friza. Sio hivyo. Julai 1942 kundi la ndege sita za kivita aina ya P-38 na mbili za mabomu aina ya B-17 lilitua kwa dharura juu ya barafu ya Greenland, watu wote wakaokolewa, ndege zikabaki. Barafu ikaongezeka juu yake mwaka hadi mwaka. Waliporudi miaka ya karibu na 1990 walizikuta mita 82 chini, na B-17 waliyoifikia ilikuwa imepondwa. P-38 moja, kwa sababu ni ndogo na imara, ilitolewa vipande vipande kwenye shimo mwaka 1992 na ikaruka tena 2002. Ile B-17 ilibaki hukohuko.

Hapa ndo nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndo moyo wa habari nzima, kwamba ukishaizuia isioze unaifanya nini? Kuna ndege moja inajibu swali hili vizuri kuliko zote, ni Halifax, ndege ya mabomu ya Uingereza, injini nne. Zilitengenezwa 6,176. Hakuna hata moja inayoruka leo. Ila kuna tatu unaweza kwenda kuziona, na kila moja imefuata njia yake.

Ya kwanza iliondoka Scotland Aprili 1942 kwenda kushambulia meli ya kivita Tirpitz ya Wajerumani, ikapigwa, rubani akaitua juu ya ziwa Hoklingen huko Norway lililokuwa limeganda, wote wakatoka hai, ndege ikazama barafu ilipovunjika. Ikatolewa 1973. Iko Hendon, London, na uamuzi waliofanya ni kuiacha vilevile ilivyotoka, imechanika, rangi imebabuka, unaona kabisa hii kitu imetoka wapi. Ya pili ilipigwa usiku wa Aprili 1945, vita imebaki siku chache tu kuisha, ilikuwa imetoka kuwadondoshea vifaa wapiganaji wa Norway, ikaanguka ziwa Mjøsa. Watu sita walikuwemo, watano wakafa na aliyepona ni mmoja, Thomas Weightman aliyekuwa mkiani. Ilitolewa mita zaidi ya 220 chini mwaka 1995, ikapelekwa Trenton, Kanada, na watu wa kujitolea wakaifanyia kazi miaka kumi mpaka 2005, leo inang'aa kama imetoka kiwandani. Ya tatu iko Elvington, Yorkshire. Hiyo ilianzia kwenye kipande cha kiwiliwili ambacho mkulima wa kisiwa cha Lewis alikinunua baada ya vita akakifanya banda la kuku, mabawa wakachukua ya ndege nyingine kabisa aina ya Hastings ambayo ilikuwa ya kampuni ileile, sehemu nyingi wakatengeneza upya, ikamalizika 1996.

Sasa ipi ni Halifax ya kweli? Watu wa gereji za Arusha hili swali wanalijua hata kama hawajawahi kuliuliza hivyo. Mtu ana kadi ya 109 ya mwaka 1967, chesisi imebadilishwa, injini imewekwa ya Toyota, milango imetoka kwenye gari la msitu, kilichobaki cha zamani ni kibati chenye namba na ule ukuta wa mbele. Kwenye kadi ni gari lilelile. Kwenye ndege iko hivyohivyo, kibati cha namba kinabeba historia yote, na ukitaka iruke lazima utoe mhimili mkuu wa bawa uweke mpya, utoe bati kubwa uweke jipya, kwa sababu duralumini iliyokaa majini hakuna mkaguzi wa usalama wa anga atakayekubali ibebe uhai wa mtu. Ndo maana mimi msimamo wangu ni huu, ndege iliyotoka majini ikiwa imebaki moja au mbili za aina yake iachwe kama ya Hendon. Ukiirusha umebaki na ndege mpya nzuri na umepoteza shahidi. Kama unataka ya kuruka anza na iliyobaki nchi kavu.

Na za nchi kavu zimepatikana sehemu za ajabu. Kanada baada ya vita wakulima walinunua ndege za jeshi kwa bei ya chini kwa ajili ya mafuta yaliyobaki kwenye tangi, matairi, nati na bolti, nyaya, halafu bodi ikaachwa shambani inapigwa jua na theluji. Mashamba hayo ndo yamelisha mafundi wa Blenheim, ndege ya mabomu ya injini mbili, kule Duxford Uingereza. Blenheim ya kwanza waliijenga miaka 12, ikaruka 1987, ikaanguka kabla ya mwezi kuisha. Wakaanza tena, ya pili ikaruka 1993, nayo ikapata ajali 2003. Wakaanza tena. Ile inayoruka tangu 2014 pua yake ilikuwa imekatwa baada ya vita na fundi umeme mmoja akaifunga kwenye chesisi ya Austin 7, akawa anaiendesha barabarani kama gari la umeme. Nikiwasimulia machalii wa gereji hii wanakaa kimya, maana wanajua maana ya kurudia bodi mara moja tu.

Yupo pia mtu wa kawaida kabisa kwenye hii kazi, sio tajiri wala jeshi. Fred na Harold Panton, ndugu wawili wafuga kuku wa Lincolnshire, kaka yao Christopher alikuwa fundi injini kwenye Halifax, akafa usiku wa kuamkia 31 Machi 1944 kwenye shambulio la Nuremberg, usiku ambao Waingereza walipoteza ndege 95. Mwaka 1983 wakanunua Lancaster, ndege ya mabomu ya injini nne, na baadaye wakaiweka East Kirkby kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi. Lancaster zilitengenezwa 7,377 na zinazoruka duniani ni mbili, hii ya kwao inawashwa injini zote nne, inatembea ardhini, na mabati yake yanafunguliwa kipande kwa kipande ili nayo siku moja ipae. Wamefanya hivyo kwa ajili ya kaka yao. Sijui mtu anayeweza kuuliza faida iko wapi akishaijua habari hiyo.

Na hapo ndo lazima tuseme la makaburi. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, na wengi hawajapatikana, wengine bado wako ndani ya ndege zao. Kwa hiyo sio kila chuma unachokiona ni cha kuchukua. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayosema ndege yoyote ya kijeshi iliyoanguka huko imelindwa, ukitaka kuchimba uombe kibali wizara ya ulinzi, na kama kuna uwezekano wa miili au mabomu mazima hupewi. Papua New Guinea mabaki ya vita ni mali ya nchi, ile B-17 iliyokaa kwenye kinamasi tangu Februari 1942 ilitolewa 2006 ikakwama bandarini Lae mpaka 2010 kwa mvutano wa nani mwenye haki nayo.

Mimi hili la makaburi nililielewa kabla sijajua hata hizo sheria. Kabla ya gereji nilibeba mizigo Kilimanjaro, nilikuwa mgumu, ndivyo wabeba mizigo wanavyoitwa kule, na ukipita ile tambarare kati ya Mawenzi na Kibo kuna mabaki ya ndege ndogo iliyoanguka Novemba 2008, watalii wanne wa Italia walifariki, rubani akapona. Mara ya kwanza naipita nilikuwa nimetangulia na wenzangu, upepo unapiga, vumbi, kile kibati cheupe kinatoa mlio kidogo kidogo kikigonga jiwe. Nikainama niokote kipande, kidogo tu, kama kiganja. Mzee mmoja wa Marangu aliyekuwa nyuma yangu na kapu kichwani akasema, mwanangu, acha cha watu. Hakusema kingine. Nilikirudisha palepale, na mpaka leo nikiona mtu anajisifu ameokota kitu kwenye ndege iliyoua namkumbuka yule mzee.

Haraka nayo imeua ndege. Mfano ni B-29, ndege ya mabomu ya Wamarekani, iliyotua juu ya barafu Greenland mwaka 1947, ilikuwa nzima kiasi kwamba miaka ya 1994 na 1995 jamaa wakaenda na injini, propela na matairi wakaitengeneza hukohuko kwenye baridi, fundi mkuu akaugua na kufariki. Tarehe 21 Mei 1995 wakaiwasha, ikaanza kutembea juu ya ziwa lililoganda, petroli ya jenereta ndogo ya mkiani ikavuja, ndege ikaungua ikaisha. Walikuwa mafundi wazuri sana. Ila majira yalikuwa yanabana na baridi inachosha akili.

Kwa anayetaka kuanza, ajue wengi wao hawafufui ndege nzima. Mtu ana pua tu kwenye banda lake nyuma ya nyumba, au kile kibanda cha bunduki cha mkiani, au redio. Na hata hapo kuna hatari watu hawaijui, saa na mita za ndege za wakati ule zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Leo haing'ai, unaweza kudhani imekwisha, kumbe kilichochoka ni rangi, radiamu nusu yake inapungua kwa miaka 1,600. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi lake.

Huku kwetu tusidanganyane, ndege za mabomu za vita vya pili hazijaangukia migombani. Vita ya kwanza ndo ilipita hapa, mwaka 1916 Waingereza walikuwa na uwanja wa ndege Mbuyuni, upande wa Taveta, ila zile zilikuwa za mbao na kitambaa, mchwa na mvua havikuacha kitu. Lakini kazi yenyewe ya mikono tunayo, kupiga bati, kulisoma limechoka wapi, kupiga ribiti. Ribiti za ndege kuna aina zinawekwa kwenye friza, ukizitoa zinaanza kukomaa zenyewe kwenye joto la kawaida, ukichelewa unapasua kichwa chake. Zinapigwa na watu wawili, mmoja nje na bunduki ya upepo, mwenzake ndani kwenye giza ameshikilia kipande cha chuma nyuma yake, na kila moja inakaguliwa, ikikaa vibaya inatobolewa inawekwa nyingine. Lancaster inazo maelfu kwa maelfu.

Yule chalii jioni aliling'oa lile bati la sakafu, akalishika kwa kona mbili kulipeleka kwenye rundo la skrepa. Nikamwambia hapana, lete. Tukalilaza juu ya bati jipya, polepole maana lilikuwa linadondoka unga, tukalibana na vibanio viwili pale palipobaki pazima, nikampa penseli. Akaanza na tundu la kwanza pembeni ya mlango wa dereva, akazungusha, akahamia la pili. Upande wa chini palipokuwa pameliwa kabisa alisimama akaniangalia, hapakuwa na tundu la kufuata. Nikamwambia pima nafasi ya matundu uliyokwisha kuyachora, halafu endelea nayo.